Kinundu cha shingo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu alama za tishu za tezi ya thairoidi

Maswali haya nimeyaokota dirishani kwa maabara, ndani ya boti ya Pemba na barazani kwetu. Mimi ni fundi wa maabara ya tishu, mzaliwa wa Chake Chake. Kazi yangu ni kukata vinyama, kuvipaka rangi na kumwekea daktari wa patholojia, anayesoma ugonjwa kwa hadubini, slaidi mezani, yaani vioo vyenye vipande hivyo. Jibu la ugonjwa hutoa yeye, si mimi. Lakini dirisha letu liko karibu na benchi la wagonjwa, na mwenye hofu humuuliza aliye karibu, kwa hiyo nimeulizwa mengi, juu ya vinundu na juu ya alama za tishu, yaani protini za seli tunazozipaka rangi ili daktari azisome.

Nimeambiwa nina kinundu kwenye tezi ya shingo. Ndiyo saratani hiyo?

Mara nyingi siyo. Katika vinundu 100 vya tezi ya thairoidi, vinavyokuja kuthibitika kuwa saratani ni kati ya 7 na 15. Vilivyobaki ni goita ya vinundu vingi, vifuko vya maji, uvimbe wa tezi iliyoshambuliwa na kinga ya mwili yenyewe, au adenoma, ambayo ni uvimbe uliotulia ndani ya ganda lake.

Wanawake ndio wanaopata vinundu zaidi. Kinundu cha mtoto au cha mwanamume hutiliwa shaka zaidi, ingawa si kawaida kukiona. Usingoje mwezi mwingine upite ikiwa kinundu kinakua haraka, kigumu na hakisogei ukimeza mate, sauti imekauka bila mafua, au kuna vitezi vingine vimejitokeza ubavuni mwa shingo.

Sisi tumezungukwa na bahari na tunakula samaki. Goita inatoka wapi?

Swali hili hunitia uchungu, kwa sababu hata wasomi wetu walidhani maji chumvi yanatosha. Samaki wanasaidia, lakini hawatoshi kila nyumba kila siku, na chumvi inayovunwa mashambani kwetu haina madini joto mpaka mtu ayatie. Uchunguzi wa watoto wa skuli umewahi kuonyesha upungufu mkubwa zaidi wa madini joto Pemba, kisiwa chenye mashamba ya chumvi yake mwenyewe, kuliko Unguja. Tezi ikikosa madini joto hujitanua ili inase kidogo kilichopo, na ndiyo rovu walilokuwa nalo bibi zetu.

Linahusiana na mada yetu hivi: penye upungufu wa madini joto, saratani ya aina ya folikula (folikula ni vifuko vidogo vinavyoijenga tezi) huwa na sehemu kubwa zaidi kuliko penye madini ya kutosha, ambako aina nyingine, ya papilari, ndiyo inayotawala. Na ya folikula ndiyo inayosumbua zaidi kutofautishwa na uvimbe usio na madhara.

Daktari alivuta kwa sindano, majibu yakaja "kundi la 3". Maana yake nini?

Majibu ya sindano ya tezi hupangwa katika makundi 6, kwa utaratibu uliopewa jina la mji wa Bethesda kule Marekani, ambako wataalamu walikutana mwaka 2007. Toleo lake la tatu lilitoka 2023. Kundi la 1 maana yake seli hazikutosha kusomwa, na hapo sindano hurudiwa. Kundi la 2 ni uvimbe usio saratani. Hata hapo saratani hujitokeza kwa watu kama 4 katika kila 100, ndiyo maana huambiwi usirudi tena. Kundi la 6 ni saratani, kiasi cha 97 katika 100. La 5 ni kama 74.

Penye taabu ni katikati: kundi la 3, kama 22 katika 100, na la 4, kama 30. Hapo daktari hakufichi kitu. Seli zenyewe hazijasema.

Kwa nini sindano isimalize maneno?

Chukua dafu. Ukilitoboa na kunywa maji yake utajua kama ni tamu au limechacha, lakini maji hayatakwambia kama kifuu kina ufa. Sindano ya tezi ni nyembamba sana. Inachota seli za ndani tu. Adenoma ya folikula na saratani ya folikula zina seli zinazofanana kama pacha. Tofauti yao ni ganda: saratani imelipenya ganda, au imeingia kwenye mshipa wa damu ulio ndani yake au pembeni mwake. Hilo linaonekana tu uvimbe ukitolewa mzima, ukakatwa ukingoni mwake pande zote na kutazamwa kwa hadubini.

Aina ya papilari ni tofauti. Hiyo hujulikana kwa sura ya viini vya seli, na sindano mara nyingi inaikamata. Viini huwa vikubwa, vimebanana, vyeupe katikati kama kioo chenye ukungu, na vina mfuo katikati. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa, mwalimu wangu alisema "tafuta buni", nami nikaziona pale pale: punje za kahawa zimemwagwa kwenye sinia, kila moja na mstari wake.

Sasa hizo alama za tishu ni nini hasa?

Ni protini zilizomo ndani ya seli au kwenye utando wake, ambazo seli ya saratani huzitengeneza kwa wingi au huziacha kabisa tofauti na seli ya kawaida. Kwa macho hazionekani. Tunazifichua kwa kingamwili iliyotengenezwa maabara, inayojua kushika protini moja tu, na iliyofungiwa kitu cha kutoa rangi.

Nikueleze inavyokwenda, kwa sababu watu hudhani ni mashine inayotema karatasi. Kinyama kimekaa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kikakaushwa maji, kikajazwa nta ya parafini mpaka kimekuwa bloku dogo unaloweza kulishika kwa vidole viwili. Nalikata kwa kisu cha maabara vipande vya mikromita 3 au 4. Unywele mmoja ni mnene mara nyingi zaidi ya hapo. Kipande hutoka kama utepe, nakielekeza juu ya maji ya vuguvugu, kinajinyoosha, kisha nakiokota kwa slaidi. Usipumue kwa nguvu hapo, utakipeperusha. Nikishaondoa nta nakichemsha kwenye maji yenye dawa ili protini zilizofungwa na fomalini zifunguke. Halafu tone la kingamwili, kusubiri, kuosha, tone la pili, kuosha, na mwisho rangi. Palipo na protini hugeuka kahawia. Palipobaki hupakwa buluu hafifu ili umbo la seli lisipotee.

Kila mara naweka pembeni slaidi nyingine ya tishu ambayo tunajua lazima ishike rangi. Ile isipogeuka kahawia, kazi yote ya siku hiyo haisomwi, hata kama ya mgonjwa imependeza vipi. Kingamwili hizi zinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na zikipata joto hunyamaza bila kukuambia. Slaidi ya ushahidi ndiyo inayozisema.

Zipi hutumika kutofautisha saratani na uvimbe usio na madhara?

Tatu ndizo utakazoziona mara nyingi kwenye ripoti, na mara nyingi zinakwenda pamoja.

Galektini-3 ni protini inayoshikana na sukari za seli. Tezi ya kawaida haina, au ina kidogo sana. Saratani ya papilari na nyingi za folikula hushika rangi vizuri.

HBME-1 ina historia ninayoipenda. Herufi mbili za mwanzo ni za Hector Battifora, daktari wa patholojia wa Marekani. Kingamwili hii ilitengenezwa kwa ajili ya uvimbe wa utando unaofunika mapafu, ikaja kuonekana kwamba saratani za tezi nazo zinaishika. Rangi yake hukaa ukingoni mwa seli kama wanja, haijazi seli nzima. Ikikujazia seli nzima, kuwa na wasiwasi na kazi yako.

CK19 ni aina ya keratini, ndugu wa hiyo iliyomo kwenye kucha. Kwenye saratani ya papilari hushika kwa nguvu na kwa upana, uvimbe mzima. Kwenye tezi yenye uvimbe wa kinga ya mwili hushika hapa na pale. Kwa hiyo kwenye CK19 neno "chanya" peke yake halitoshi; uliza chanya kiasi gani na wapi.

Ipo pia CD56, nayo ni kinyume chake: seli za kawaida za tezi wanayo, na saratani ya papilari huipoteza.

Zikishika mbili au tatu kwa nguvu, tena sura ya viini inaelekea huko huko, daktari hupata uthubutu wa kuandika. Ikishika moja kwa unyonge, nimewaona wakirudi kwenye slaidi ya kawaida ya waridi na zambarau na kukaa nayo nusu saa.

Zinakosea?

Ndiyo, na afadhali ulijue hili kabla hujapokea karatasi.

Uchunguzi mmoja mkubwa uliofanywa Italia na kuchapishwa 2008 uliwapima kwa galektini-3 wagonjwa 465 ambao sindano ilishindwa kuamua. Katika kila saratani 100, galektini-3 iliziona 78. 22 zilipita bila kushika rangi. Katika kila vinundu 100 visivyo saratani, 93 vilibaki bila rangi kama inavyotakiwa, lakini 7 vilishika. Hizo ni namba nzuri kwa kipimo cha maabara. Lakini ukiwa wewe ni mmoja wa wale 22, "hasi" imekudanganya.

Makosa yana sababu zake. Kinundu kilichovuja damu ndani kinajaa seli za kusafisha taka, nazo zina galektini-3 yake mwenyewe. Tezi iliyoshambuliwa na kinga ya mwili hushika CK19 na mara nyingine galektini-3 bila saratani yoyote. Zipo seli kubwa za tezi zenye chembe nyingi, ambazo ndani yake mna vitamini iitwayo biotini. Ukitumia njia ya zamani ya kupaka rangi inayotegemea biotini, zitageuka kahawia kwa sababu ya rangi yako, siyo ugonjwa. Hata pale sindano ilipopita wiki zilizotangulia, tishu inayopona huweza kushika CK19.

Nawaambia ndugu wa wagonjwa hivi: alama ya tishu ni shahidi. Hakimu ni umbo la uvimbe: ganda, mishipa, viini. Shahidi akisema jambo ambalo umbo halilikubali, anaulizwa tena.

Ripoti ya mama imeandikwa "TTF-1 chanya, thairoglobulini chanya". Nyumba nzima tumelia. Ndiyo saratani?

Poleni. Binti mmoja alinipigia simu akilia kwa jambo hili hili, na nilitamani mtu angemweleza kabla hajatoka na karatasi mkononi. TTF-1 na thairoglobulini zinataja asili: seli hizi ni za tezi ya thairoidi. Tezi yako iliyo nzima kabisa, ukiipima leo, itakuwa chanya kwa zote mbili. Hazina neno juu ya ubaya au uzuri.

Zina maana nyingine kabisa kinyama kikitoka mahali ambapo tezi haitakiwi kuwepo. Kitezi cha ubavuni mwa shingo, au mfupa, kikiwa na seli zenye thairoglobulini, hiyo ni saratani ya tezi iliyosafiri. Tazameni juu ya ripoti kinyama kimetolewa wapi, kisha ndiyo mwende kwa daktari.

Na BRAF na RAS?

Hizo ni jeni. BRAF ikibadilika mahali paitwapo V600E, karibu kila mara ni saratani, na karibu nusu ya saratani za papilari wanayo badiliko hilo. Ipo kingamwili, VE1, inayolionyesha badiliko hilo kwenye slaidi kwa rangi, hivyo si lazima mashine ya kusoma jeni. Lakini BRAF ikikosekana haikuondolei shaka, maana nusu nyingine hawana.

RAS ni mtihani zaidi: hubadilika kwenye saratani za folikula na pia kwenye adenoma zisizo na madhara. Ukiiona peke yake kwenye ripoti, usijihukumu.

Mjomba aliambiwa miaka ya nyuma ana saratani ya papilari. Juzi daktari mwingine amesema siku hizi isingeitwa saratani. Tudanganywe mara ngapi?

Hamkudanganywa. Mwaka 2016 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali walirudi kwenye slaidi za zamani za uvimbe wa aina moja: una viini vya papilari, lakini umejengwa kwa folikula na umebaki ndani ya ganda lake bila kupenya. Wagonjwa 109 wa aina hiyo walikuwa wamefuatiliwa miaka 10 hadi 26. Hakuna aliyekufa kwa uvimbe ule, wala haukumrudia yeyote. Wakaliondoa neno saratani kwenye jina lake. Kwenye ripoti za sasa utaliona kwa herufi NIFTP.

Alama za tishu hapa hazisaidii sana, na ndilo somo lake: uvimbe huo hushika galektini-3 na HBME-1 kama saratani. Kilichouokoa ni ganda, lililotazamwa lote, pande zote. Kama bloku za mjomba bado zipo, daktari anaweza kuomba zisomwe upya.

Kwa nini majibu yalichelewa, halafu wakasema kinyama hakifai?

Hapa ndipo ninapokosa usingizi. Siku moja nililetewa chupa kutoka mahali fulani. Ilikuwa chupa ya mdomo mwembamba, tezi ya mwanamke mzima imesukumwa kwa nguvu ndani yake, na maji yenyewe hayakufika hata nusu ya nyama. Sikuweza kuitoa bila kuvunja chupa. Nje ilikuwa imekauka rangi ya kijivu, ndani ilikuwa imeoza. Nilipoikata ilinata kwenye kisu kama ndizi iliyopitiliza. Tulipaka alama zote tulizokuwa nazo na kila kitu kilitoka kahawia, hata pasipostahili. Daktari akaandika haisomeki. Yule mama alikuwa amekwishatolewa tezi. Hakukuwa na kinyama cha pili cha kwenda kuchukua.

Tishu hutakiwa iingie kwenye fomalini ya asilimia 10 papo hapo thieta, chombo cha mdomo mpana, na fomalini iwe kama mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Uvimbe mkubwa upasuliwe ili dawa ifike katikati. Maji ya chumvi ya drip si fomalini, wala spiriti si fomalini. Kwa ajili ya alama za tishu tunapenda ikae humo saa 6 hadi 72: ikikaa kidogo inaoza, ikikaa wiki tatu protini zinafungika na alama zinatoa hasi ya uongo. Ukitoa kinyama Mkoani au Wete, kule Pemba, kikavuka maji, safari yenyewe nayo huhesabiwa katika saa hizo. Andikeni kwenye chombo saa kilipoingia kwenye dawa.

Ukiwa ndugu wa mgonjwa unaweza kuuliza bila ugomvi: "Daktari, kinyama kimetiwa kwenye fomalini? Kinakwenda maabara ipi? Namba yake ngapi?" Namba ile iandike kwenye simu yako. Slaidi ya kawaida huchukua siku kadhaa, alama za tishu huongeza nyingine, na kama kingamwili inayotakiwa haipo, bloku husafirishwa Dar es Salaam. Bloku likitunzwa vizuri hupimwa hata baada ya miaka. Usikubali kubeba bloku kwenye mkoba juani, nta hulainika.

Sindano haisambazi ugonjwa?

Kwa tezi ya thairoidi ni nadra mno. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kukaa na kinundu cha shaka kwa kuogopa sindano. Na nawaomba, msichanje wala msichome moto uvimbe wa shingo. Pale pana mishipa mikubwa ya damu na mshipa wa fahamu wa sauti.

Ripoti ya dada yangu inasema "kalsitonini chanya", na daktari ametaka kutuona ndugu wote. Kwa nini sisi?

Kwa sababu hii ni saratani ya medulari, na haitokani na seli zile zinazotengeneza homoni ya tezi, bali na jirani zao zinazotoa kalsitonini. Kwenye slaidi huwa haina thairoglobulini ila ina kalsitonini, na alama hiyo ndiyo inayoitambulisha hata pale umbo lake linapojigeuza kufanana na uvimbe mwingine. Karibu robo ya saratani hizi hurithiwa, kwa badiliko kwenye jeni iitwayo RET. Mwenye badiliko hilo anaweza kumpitishia mtoto, nafasi moja kati ya mbili kwa kila mtoto, awe wa kiume au wa kike. Damu hupimwa jeni hiyo, na mwenye badiliko tezi yake huweza kutolewa kabla ugonjwa haujaanza, wengine wakiwa bado watoto. Hata ndugu asiyejihisi chochote na shingo yake laini anahusika. Nendeni wote, na mwambieni daktari kama kuna jamaa wa upande wa mama au baba aliyewahi kutolewa tezi, au aliyekufa ghafla kwa presha ya kupanda ovyo, kwa sababu katika familia hizo uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo nao hujitokeza, na lazima utafutwe kabla ya mtu kupandishwa kitanda cha thieta.